Safu ya Wajibu

Wiki ya tano ilikuwa imeanza tangu wasichana wa shule ile waanze kwenda darasani na vidumu vya maji. Swali naye alikuwa na chake cha lita tano, cha rangi ya njano, ambacho zamani kilikuwa cha mafuta ya kupikia. Alikijaza mapema kwenye bomba la uani, akakaza mfuniko, akakiweka kando ya begi la madaftari. Hapo ndipo alipoketi kunywa chai.

"Mama, nauliza," alianza, kama alivyoanza kila asubuhi.

"Uliza. Hata nikikukataza utauliza," mama yake alijibu huku akipanga spana ndani ya mkoba wa turubai.

Swali halikuwa jina alilopewa alipozaliwa. Alilipata darasa la pili, siku alipouliza maswali kumi na manne katika kipindi kimoja cha hesabu mpaka mwalimu akavuta kiti akaketi. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na hata bibi yake hakumwita vinginevyo.

"Mtaa mzima mtu akivujiwa na bomba anakuita wewe. Mbona la shule yetu huendi kulitengeneza?"

"Shule si jiko langu, mwanangu. Nilikwenda, nikaambiwa majengo ni ya ofisi ya elimu, na ofisi inasubiri fomu. Siwezi kuvamia ukuta wa watu na spana."

Mama yake alikuwa fundi bomba, mwanamke pekee wa kazi hiyo mtaani. Wateja wapya wakifungua mlango hutazama nyuma ya bega lake, wakimtafuta fundi mwenyewe. "Fundi yuko wapi?" huuliza. Naye huwajibu, "Ndiye huyu anayekanyaga zulia lako." Alikuwa mtu wa maneno machache na mikono yenye nguvu, na neno lake likishatoka halikurudi.

Swali alibeba begi mgongoni na kidumu mkononi, akatoka. Njiani alibadilisha mkono mara nane. Alizihesabu kwa hasira.

Vyoo vya wasichana vilikuwa nyuma ya darasa la nne: milango mitano ya bati na sinki refu la saruji lenye mabomba manne yaliyokauka. Kidumu kimoja kilitosha kwa kunawa asubuhi tu. Ikifika saa sita, harufu iliwapokea watu tangu kwenye kona. Wadogo wa darasa la kwanza walijibana mpaka waende nyumbani, wengine wakaanza kuumwa tumbo. Wakubwa nao walikuwa na shida yao. Rafiki yake Swali, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa amekosa shule siku nne mwezi uliopita, na hakuwa na homa wala malaria.

"Nikiwa kwenye siku zangu, nitajisafishia wapi?" alimnong'oneza Swali. "Bora nikae nyumbani." Siku hizo nne zilimpitia na somo zima la sehemu na desimali, na mpaka leo alikuwa akikimbizana nalo.

Rafiki huyo aliitwa Taratibu. Alikuwa mtu wa kufanya kila jambo kwa utulivu wake: kuandika, kutembea, hata kucheka. Mtu akisema kichekesho, Taratibu hucheka wakati wengine wameshafika kichekesho cha tatu. Walimu waliwaweka dawati moja wakitumaini kwamba mmoja angemvuta mwenzake, mwingine angemzuia.

Siku hiyo mwalimu wa uraia aliingia na bahasha kubwa. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kifungu, kwa sababu ukimwambia lolote, hata kwamba mvua inanyesha, alikuuliza, "Kwa kifungu gani?" Alitoa ndani ya bahasha kurasa alizozitafsiri mwenyewe kwa mkono na kuzitoa nakala.

"Hizi ni sehemu za katiba za nchi nne," alisema. "Afrika Kusini, India, Japani na Brazili. Ya kwetu mnayo kitabuni. Fanyeni kazi wawili wawili. Kila kundi litengeneze bango lenye safu mbili: haki za raia upande huu, wajibu wa raia upande ule. Linganisheni. Bango litakaloshinda litasomwa mbele ya wazazi na ofisa elimu, siku ya wazazi, wiki mbili kutoka leo."

Swali hakungoja kengele. Macho yake yalikuwa yameshakimbia mpaka katikati ya ukurasa wa kwanza, na hapo yakagota.

"Taratibu! Soma hapa!"

Taratibu alisoma neno kwa neno. Katiba ya Afrika Kusini, kifungu cha ishirini na saba, ilisema kila mtu ana haki ya kupata chakula na maji ya kutosha.

"Maji," Swali alisema, akigonga meza kwa kidole. "Wameandika maji kwenye katiba! Sisi tunabeba vidumu kama tunahama nyumba!"

Jioni ile walikaa barazani kwa akina Swali na karatasi ya manila chini. Swali alishika kalamu. Safu ya haki ilijaa upesi: maji ya Afrika Kusini, haki ya kusema na kukusanyika kwa amani India, elimu kwa wote Japani, kijana wa miaka kumi na sita anayeruhusiwa kupiga kura Brazili. Akatafuta kwenye kitabu chao akapata kifungu cha mwananchi kupeleka maombi kwenye ofisi ya umma na kujibiwa. Alikiandika kwa herufi kubwa, akakipigia mistari miwili.

"Na huku?" Taratibu aliuliza, akionyesha safu ya pili. Ilikuwa nyeupe pe.

"Huku tutajaza baadaye. Wajibu nani atasimama kuusikiliza?"

"Lakini Mwalimu amesema kulinganisha." Taratibu alifunua kurasa polepole. "Tazama. India wana orodha nzima ya wajibu. Japani, mzazi ana wajibu wa kuhakikisha mtoto wake anasoma, na watu wana wajibu wa kulipa kodi. Brazili, mtu wa miaka kumi na minane mpaka sabini anayejua kusoma na kuandika hana hiari, lazima apige kura. Na hawa wa maji uliowapenda, wamesema mapema kabisa, kifungu cha tatu, kwamba raia wote wana haki sawa na wote wanabeba wajibu sawa. Wewe umeruka kifungu cha tatu ukatua cha ishirini na saba."

"Andika wewe basi," Swali alisema, akimpa kalamu. "Mimi nina barua ya kuandika."

Barua hiyo aliiandika kwa Mwalimu Mkuu, kurasa mbili, bila kufuta hata neno moja. Alitaja harufu, matumbo ya wadogo, na siku wanazokosa wakubwa bila kumtaja mtu. Alitaja haki ya kupeleka maombi. Kesho yake na siku iliyofuata alizunguka na karatasi ya sahihi kila mapumziko, darasa kwa darasa. Wapo waliosaini kwa furaha, wapo waliosaini kwa sababu hakuwaacha mpaka wasaini. Wa darasa la kwanza waliandika majina yao kwa herufi zilizolala. Mwishoni zilikuwa sahihi themanini na tatu.

Mwalimu Mkuu aliisoma barua yote akiwa ameivua miwani na kuishika mkononi. Alikuwa mama wa makamo, si mkali, ila uso wake haukuonyesha mambo kirahisi. Swali na Taratibu walisimama mbele ya meza.

"Barua nzuri," alisema. "Na mko sawa, mna haki ya kuiandika. Sasa niwaambie tulipokwama." Alifungua faili akatoa fomu. "Ofisi ya elimu ililitengeneza bomba hili mwanzoni mwa mwaka. Limevunjika tena. Hawatatuma fundi mpaka tujaze hapa: *Sababu ya uharibifu*. Nimeuliza shule nzima, hakuna aliyeona. Kwa hiyo ofisi inasema aliyepaswa kulitunza ni mhudumu, na kama hakuna sababu nyingine, itaandikwa uzembe wa mhudumu. Amepewa mpaka Jumatatu ajieleze. Asipokuwa na la kusema, ataondolewa."

Mhudumu huyo wa shule alikuwa Mama Funguo. Alikuwa na mtungo wa funguo kiunoni, na kabla hujamwona ulimsikia. Tangu maji yakatike alikuwa akibeba ndoo kutoka bomba la barabarani, ndoo ishirini kwa siku, kusafisha vyoo vile vile ambavyo wote waliziba pua wakivipita.

"Lakini si yeye aliyevunja!" Swali alisema.

"Unajuaje?" Mwalimu Mkuu aliuliza. Hakuuliza kwa mtego. Aliuliza tu.

"Nadhani tu, Mwalimu," Swali alisema, akatoka akiangalia viatu vyake.

Alijua. Alijua siku na saa.

Ilikuwa siku ya mechi ya netiboli kwenye uwanja wa shule jirani. Dirisha la chooni lilikuwa juu, nalo ndilo pekee lililoutazama uwanja ule. Ukutani, usawa wa magoti, lilipita bomba jeupe la kupeleka maji kwenye sinki. Swali alikanyaga bomba akajivuta mpaka dirishani. Aliona magoli mawili. Alipojinyanyua kuona la tatu, kitu kikalia *ka!* chini ya mguu wake. Aliruka chini. Kwenye kiungo tone moja lilitoka, likafuata la pili. Alilifuta kwa mkono wa sweta, akangoja, akaona linatoka tena pole pole, akaenda zake darasani. Asubuhi yake sakafu ilikuwa bwawa na Mama Funguo alikuwa amekunja sketi akifunga koki kubwa.

Kwa wiki tano Swali alijiambia kwamba tone si mafuriko, na kwamba lazima yupo mtu mwingine aliyekuja kulimaliza. Alijiambia mara nyingi mpaka akakaribia kuamini. Sasa kulikuwa na nafasi tupu kwenye fomu, na jina la mtu mwingine lilikuwa linaelekea pale.

"Umekuwaje?" Taratibu alimuuliza njiani.

"Sina neno."

"Hujauliza swali tangu ofisini," Taratibu alisema.

Jumamosi Swali alifuatana na mama yake kazini, kwenye kiwanda kidogo cha mikate ambako sinki la kuoshea trei lilikuwa linavuja. Mama alilala chali chini ya sinki, miguu nje, akinyoosha mkono. Swali alimkabidhi vifaa: spana kubwa, kitambaa, tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za bomba.

"Hiki kiungo kimechoka chenyewe," mama alisema kutoka chini. "Angalia ufa wake, umezunguka pande zote. Kingekuwa kimekanyagwa, ufa ungekuwa juu tu na bomba lingepinda kwenda chini. Ukiliona bomba unajua lilipatwa na nini."

Swali alishika tepu. Joto la tanuri lilimjia usoni, na pua yake ikaanza kuwasha.

"Mama, la shule limepinda kwenda chini."

Spana ilisimama.

"Umeliona lini?"

"Nilikuwa nimesimama juu yake."

Akasema yote: dirisha, magoli mawili, tone, sweta. Akasema na fomu, na Mama Funguo, na Jumatatu. Kisha spana ikaendelea kuzunguka, mara moja, mara mbili, mpaka ikakaza. Mama alitoka chini ya sinki, akakaa sakafuni, akapangusa mikono kidole kwa kidole.

"Nani mwingine umemwambia?"

"Wewe tu."

"Mimi sina fomu ya kujaza."

"Wasichana themanini na tatu wamesaini barua yangu, mama. Watasema nimewatumia. Watanicheka mpaka nimalize shule."

"Huenda." Mama hakupamba maneno. "Nitakwenda nawe Jumatatu. Nitasimama karibu nawe. Ila kinywa kitakuwa chako."

Usiku ule na Jumapili nzima Swali alitafuta njia nyingine, na kila aliyoipata ilimwangukia Mama Funguo. Jumapili jioni akakata shauri. Jumatatu alifika ofisini kabla ya kengele, mama yake nyuma yake. Mama Funguo alikuwa ameshaketi kwenye kiti cha ukutani, amevaa nguo yake nzuri, mikono imeshika karatasi aliyoandikiwa na mtu. Funguo zake zilikuwa juu ya meza ya Mwalimu Mkuu.

"Shikamooni," Swali alisema. "Bomba nililivunja mimi."

Alieleza bila kupunguza. Alipofika kwenye sweta, Mama Funguo alisimama.

"Wiki tano!" alisema. "Wiki tano nabeba ndoo, mgongo huu haunyooki, na wewe unanipita asubuhi unaniambia shikamoo mama! Ungekuja siku ile ile lilipodondoka tone, ningefunga koki, tungeweka kiungo, basi. Tone tu!"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nitakusamehe nikishapumzika," Mama Funguo alisema, akaketi. Alikuwa na hasira ya kweli, na Swali aliona ni haki yake kuwa nayo.

Mwalimu Mkuu alivaa miwani. Alisukuma fomu mbele ya Swali pamoja na kalamu. "Andika sababu. Kwa mkono wako."

Swali aliandika. Nafasi ilikuwa ndogo, ikabidi maneno yashuke pembeni.

"Funguo zako, mama," Mwalimu Mkuu alimwambia Mama Funguo, akamrudishia kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia Swali. "Kuna watu themanini na wawili waliosaini pamoja nawe. Nao wanastahili kujua. Utawaambia leo, kabla ya vipindi. Na mabango ya uraia, ninyi mmeshachaguliwa, Mwalimu wenu aliniambia Ijumaa. Lakini wewe hutasoma. Atasoma mwenzako."

Kukosa kusoma kulimchoma Swali, lakini kidogo kuliko lile agizo la kuwaambia wenzake. Wasichana walikusanywa nyuma ya darasa la nne, karibu na vyoo. Alisimama kwenye ngazi na kuwaambia. Halafu msichana mmoja wa darasa la saba, nahodha wa netiboli, akapaza sauti.

"Kumbe ulitukusanyia sahihi za kosa lako mwenyewe!"

Vicheko vikalipuka, vibaya, vya kuchoma. Mtu alirusha kidumu kitupu kikabingirika mpaka miguuni pake. Swali angeweza kushuka na kukimbia, maana alikuwa ameshasema alilotumwa kusema. Badala yake alikiokota kidumu, akakisimamisha wima kwenye ngazi.

"Ndiyo, kosa ni langu," alisema. "Nichekeni. Lakini maji si yangu peke yangu. Wa darasa la kwanza hawakuvunja kitu na bado wanaumwa tumbo. Barua mliyosaini ina ukweli mtupu, ila ilikosa sentensi moja, na hiyo nimeiongeza asubuhi hii. Anayetaka kuondoa sahihi yake karatasi hii hapa. Anayetaka iendelee, fomu inaondoka leo."

Wasichana wanne walikuja wakakata majina yao. Nahodha wa netiboli aliishika kalamu, akalitazama jina lake kwa muda, akairudisha kalamu. "Mimi nataka maji," alisema. "Wewe nitakushughulikia baadaye." Na alimshughulikia kweli, kwa maneno makali, wiki nzima.

Fomu ilikwenda, ikajibiwa baada ya siku mbili. Sasa sababu ilijulikana, ofisi ilikubali vifaa vitolewe, ila mafundi wake wote walikuwa kwenye ujenzi wa shule nyingine mpaka mwezi ujao. Mwalimu Mkuu aliandika tena, akiomba kibali kwa mzazi mwenye ujuzi. Kibali kilikuja na mhuri, na Alhamisi mchana mama yake Swali aliingia kwenye lango la shule na mkoba wake wa turubai.

Alikata kipande kilichopinda, akaweka kipya. Kisha akampa Swali nyundo na vishikizo vya chuma. "Kila baada ya hatua moja, kimoja. Bomba lishikwe na ukuta, lisining'inie." Swali alipigilia vishikizo kumi na viwili. Viwili aliviharibu, akavitoa, akavirudia. Taratibu alishika taa ya kurunzi pembeni, na ungesema ameota mizizi. Mama Funguo alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Hicho cha tano kimekaa upande," alisema.

Swali akakitoa, akakipigilia upya. Koki kubwa ilipofunguliwa, mabomba yote manne yalikohoa hewa, yakatema maji ya kutu, kisha maji safi. Mama Funguo alikuwa wa kwanza kunawa uso, polepole, mpaka shingoni.

"Sasa nimepumzika," alisema.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Taratibu alisimama mbele na Swali akashika bango upande mmoja, kazi ambayo haikuhitaji kinywa. Safu ya wajibu ilikuwa imejaa kama ile ya haki, kwa mwandiko wa Taratibu ulionyooka. Alisoma bila haraka hata chembe. Alieleza kwamba nchi nyingine, kama India, zimeorodhesha wajibu wa raia ndani ya katiba, mojawapo ukiwa kulinda mali ya umma. Kwamba Brazili imeufanya upigaji kura kuwa haki na wajibu kwa wakati mmoja. Kwamba katika elimu ya Japani, mtoto ndiye mwenye haki na mzazi ndiye mwenye wajibu, hivyo haki ya mmoja inakuwa kazi ya mwingine. Watu walisikiliza. Kasi yake ndogo iliwapa nafasi ya kufikiri.

Alipomaliza, baba mmoja alisimama katikati ya ukumbi.

"Mmesoma vizuri," alisema. "Lakini nimesikia habari ya bomba. Mtoto anavunja, halafu anaandika barua anadai haki! Mimi naona hivi: asiyetimiza wajibu asipewe haki. Angeachwa abebe maji mpaka mwisho wa mwaka."

Baadhi ya wazazi waliguna kwa kukubali. Swali alimtazama Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu akamwonyesha kwa kidevu: jibu.

"Mzee, aliyevunja ni mimi," Swali alisema. "Na nilikosa mara mbili, kuvunja na kunyamaza. Ukiniambia nibebe maji mwaka mzima nitabeba, hiyo ni adhabu na nimestahili. Lakini kwenye katiba zote hizi tano tulizosoma, sikuona mahali palipoandikwa kwamba mwenzangu anyimwe maji kwa kosa langu. Na hata mimi, nikiadhibiwa, bado ninahitaji kunawa."

Ukumbi ulicheka, yule baba naye akacheka, akakuna kichwa na kuketi. "Huyu mtoto nani alimpa jina?" alimuuliza jirani yake.

Mwalimu Kifungu akapanda jukwaani. Kwa mara ya kwanza hakuuliza kifungu gani.

"Wazazi, wanafunzi," alisema, "nimefundisha uraia miaka kumi na minane, na kosa ninalolisikia zaidi liko pande mbili. Upande mmoja watoto hudhani haki ni zawadi ambayo haina kazi yoyote kwao. Upande wa pili sisi wakubwa hudhani haki ni ujira, kwamba mtoto mwema apewe na mkosaji anyang'anywe. Sivyo. Haki ya maji ilikuwa ya wasichana hawa hata bomba lilipokuwa limevunjika. Ila haki hiyo ilibaki kwenye karatasi kwa wiki tano, kwa sababu mtu mmoja hakutimiza wajibu wake wa kusema kweli. Siku aliposema, maji yalitoka ndani ya wiki moja. Nchi zinaandika mambo haya kwa namna mbalimbali. Nyingine zinaweka orodha ndefu ya wajibu, nyingine sentensi moja tu. Lakini popote utakapokwenda, haki yako inamhitaji mtu mwingine aifanyie kazi yake, na kuna mtu ambaye haki yake inakungoja wewe. Ukidai, dai kwa sauti. Ukikosea, sema kwa sauti ile ile."

Alimgeukia Swali. "Una swali?"

Swali alitazama juu, kwenye kona ya ukumbi.

"Ndiyo, Mwalimu. Taa ya ukumbi huu ni ya nani kuitengeneza? Ile ya kona haiwaki, na safari hii si mimi."

Mama Funguo, kwenye kiti cha nyuma, alicheka mpaka funguo zikalia.